Wimbo Usiowahi Kuisha

Mama Swichi alikuwa amekata nyimbo nyingi kuliko mtu yeyote pale mjini, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kusikia hata mmoja ukifika mwisho. Si kwamba hakupenda muziki, ni kazi yake tu ilivyokuwa. Yeye ndiye aliyetunza ukumbi: alifagia, alipanga viti, alibadilisha glopu zilizoungua, na ikifika saa tatu kamili usiku aliingia chumba cha umeme nyuma ya jukwaa, akajifungia mlango wa chuma kama ilivyoagiza karatasi iliyobandikwa pale, akashusha swichi. Akitoka, watu walikuwa wameshaanza kutafuta makoti yao na wenzao. Wimbo umeshakufa. Ulikufaje, hajui.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama kabati. Ukutani zilikuwapo swichi tatu za chuma, za zamani, kila moja na mkono mrefu wa kushika. Maandishi yake yalikuwa yamefutika zamani, kwa hiyo Mama Swichi alizifunga nyuzi za cherehani: nyekundu kwa jukwaa, kijani kwa vyoo na korido, nyeupe kwa taa za ukumbi. Ile ya uzi mweupe ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ukiishusha inalia *kwaa!* mpaka meno yanauma. Kabla ya kugusa yoyote, alisimama juu ya kipande cha mpira wa gari na kuzungushia mkono kitambaa kikavu.

Mwaka ule ukumbi ulikuwa umeshaonywa mara mbili. Kundi la kwanza liliomba dakika tano likachukua ishirini. La pili lilizimiwa, lakini watu wake waligoma kutoka. Kibali kilikuwa na mistari miwili tu: saa tatu kamili umeme wa jukwaa uzimwe, saa tatu na nusu ukumbi uwe mtupu na umefungwa. Wakikosea mara ya tatu, kufuli la serikali lingewekwa mlangoni. Na mlango huo ndio aliopitia Mama Swichi kwenda chumbani kwake, kule nyuma, kwenye kitanda chake, cherehani yake na maua yake mawili ya kwenye makopo. Kufuli la ukumbi lingekuwa kufuli lake.

Basi alipoambiwa kwamba Jumamosi wanakuja Misumari, alikaa kitako.

Misumari lilikuwa kundi la roki, watu wanne, na sifa zao ziliwatangulia. Mji mmoja walinyang'anywa vipaza sauti wakaimba wakiwa wamepanda juu ya viti. Mji mwingine walipitiliza muda kwa saa nzima, wakashushwa jukwaani magitaa yakiwa bado shingoni. Na kila mahali, ikisemwa habari yao, lilitajwa jambo moja: kwamba wana wimbo mmoja wa mwisho, mrefu, ambao hakuna aliyewahi kuusikia ukiisha.

Hilo ndilo lililomkaa Mama Swichi rohoni. Za kwake yeye ni nyimbo mia kadhaa zisizo na mwisho, haya. Lakini wimbo ambao hata mwenyewe aliyeulipia kiingilio hajausikia ukiisha?

Walifika Jumamosi mchana na gari dogo lililojaa mpaka juu. Mwimbaji alikuwa mrefu kupita kiasi, wakamwita Mrefu, bila kujisumbua. Wapiga magitaa walikuwa kaka wawili wa baba mmoja mama mmoja, na walikuwa wanabishana tangu wanashuka kwenye gari. Mpiga drams alikuwa msichana mfupi mwenye mikono imara. Siku za kazi aliamka alfajiri kuoka mikate, na wenzake walimwita hivyo hivyo, Mwokaji.

"Mama, ndiye wewe utakayetuzima?" Mrefu aliuliza, akiinama apite mlangoni.

"Ndiye mimi. Saa tatu kamili, haiongezeki dakika."

"Usijali, tumezoea kuzimwa."

"Na mimi nimezoea kuzima. Tutaelewana." Mama Swichi akaegemea ufagio. "Hebu niambieni. Huo wimbo wenu mrefu, unaishaje?"

Wakatazamana. Mwokaji akaanza kucheka.

"Hakuna anayejua, mama. Kila mji tunakatwa katikati."

"Kwenye mazoezi je?"

"Mazoezini hatuupigi mwisho wake. Tulikula kiapo siku tulipoutunga: mwisho utasikika kwanza mbele ya watu, la sivyo usisikike kabisa. Kila mmoja anao kichwani tu. Huu mwaka wa tatu."

"Miaka mitatu mnapika, hamjaonja?"

"Hatujaonja."

"Eh! Na ikiwa chumvi imezidi?"

Hata wale kaka waliacha kubishana wakacheka.

"Lakini si mngeuanza mapema, jamani?"

Aliyejibu alikuwa mtu wa tano, aliyekuja na gari lake mwenyewe. Huyu alitumwa na kampuni iliyorekodi nyimbo zao. Alikuwa na shati jeupe, kalamu mbili mfukoni na karatasi mkononi.

"Kwa sababu haumo kwenye orodha, mama. Orodha ni nyimbo kumi na mbili, zile zilizotoka, na zinapigwa kwa mpangilio huu huu. Zikiisha ni saa tatu kasoro dakika kumi, watu wanakwenda nyumbani. Huo mwingine hauna hata kiitikio. Redio gani itaubeba?"

"Wewe umeusikia?"

"Vipande."

"Unaishaje?"

"Si kazi yangu kujua."

"Sikuulizi kazi, bwana mkubwa. Hujiulizi?"

Yule bwana akabonyeza kalamu yake mara tatu, nne.

Mama Swichi akawaketisha wale wanne kwenye ukingo wa jukwaa, akawaeleza bila kuficha: maonyo mawili, kufuli, chumba chake kule nyuma. Mrefu aliacha mzaha.

"Nisikudanganye, mama. Ukizima, tutaendelea. Sisi hatujawahi kushuka kwa amri."

"Endeleeni. Kelele zenu zisizo na umeme hazinihusu. Ila saa tatu na nusu mlango ule nitaufunga mimi, kwa ufunguo wangu, humu ndani pasiwe na mtu."

"Utakuwa umeisha kabla ya hapo," akasema Mwokaji. "Nakuahidi."

Jioni watu walijaa, kama mia tatu hivi. Saa mbili na nusu akafika afisa wa vibali, kijana bado, na daftari, na pipi ya kikohozi shavuni. Akasimama kando ya chumba cha umeme kama mtu anayelinda maiti.

Misumari walipiga zile kumi na mbili bila kuruka hata moja, na bwana wa kampuni akazitia alama moja moja. Alipokwisha kutia ya mwisho alikunja karatasi. Ndipo Mwokaji alipoanza kugonga polepole, kama mtu anayeburuza kabati ghorofa ya juu, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Bwana wa kampuni alikimbia hadi mbele akitikisa mkono, hapana, hapana. Mrefu alimpungia, kama anayemuaga msafiri.

Mama Swichi alitazama saa. Saa tatu kasoro dakika kumi na moja.

Wimbo ulikuwa wa ajabu. Ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi ulikotoka, ukapanda tena kwa njia nyingine, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua na kujaribu milango. Mama Swichi alitamani kujua ungefungua upi. Lakini dakika zilikwisha. Akaingia chumbani, akafunga mlango wa chuma, akapanda kwenye mpira, akashusha uzi mwekundu saa tatu kamili.

Alipotoka, jukwaa lilikuwa giza. Magitaa yalikuwa yamesinyaa, yakawa waya tu zinazolia kama mbu. Ila ngoma ilikuwa palepale, na watu walianza kuimba wenyewe sehemu za gitaa, kwa midomo, *nani-nani-naa*, mia tatu kwa pamoja.

"Mama, hujazima," akasema afisa.

"Nimezima."

"Mbona inalia?"

"Ngoma haina swichi, mwanangu."

Afisa alikitoa kibali, akakisoma kwa mwanga wa taa za ukumbi. Akakigeuza aone nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Akaandika daftarini: saa tatu kamili, umeme umezimwa. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akasogea mbele kidogo. Mama Swichi akasogea naye. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama ukumbini baada ya kuzima, na wimbo bado mzima.

Saa tatu na dakika kumi Mrefu aliinua mkono juu. Watu wakaelewa, wakanyamaza. Mwisho umefika. Akahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne.

Kila mmoja akaenda njia yake.

Mrefu alishuka kwa sauti nzito ilhali kaka mkubwa alipanda. Kaka mdogo alirudi mwanzo. Mwokaji alisimama, akidhani wimbo umekwisha, fimbo hewani, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Miaka mitatu kila mtu alikuwa ameutunza mwisho wake kichwani, akaupamba, akaupunguza, akaulaza na kuuamsha, na sasa ilikuwepo minne.

"Inarudi mara mbili!" kaka mdogo alipaza sauti.

"Mara mbili wapi? Inakatika!" akajibu kaka mkubwa.

"Nani alisema inakatika?"

"Wewe mwenyewe, jikoni kwa mama!"

Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Wakashangilia, wakaudaka, wakaurudisha katikati. Misumari wakajaribu tena. Ikawa vilevile. Wakajaribu mara ya tatu, na sasa ukumbi haukuwangoja hata kidogo. Ulikuwa unazunguka wenyewe kama feni.

Saa tatu na dakika kumi na nane. Afisa aliacha kumung'unya pipi.

"Mama, waambie wamalize. Mimi sitaki kuandika, lakini nitaandika."

"Hawajui."

"Hawajui nini?"

"Kumaliza."

Mama Swichi alitazama huku na huku. Aliwaona watu mia tatu, milango miwili, dakika kumi na mbili. Aliyaona maua yake kwenye makopo. Nani humu ndani anayejua kumaliza wimbo? Alijiuliza hivyo kwa hasira kabisa, na kabla hajapata wa kumlaumu, jibu likamjia, akajikuta anatabasamu.

Alipenya watu kwa kiwiko mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, akamvuta Mwokaji suruali.

"Mwanangu! Nitazame kule mlangoni mwa chumba cha umeme. Nikiinua kitambaa jiandae, kikishuka, piga mara moja, kwa nguvu zote ulizonazo. Kisha usiguse kitu."

"Huo ndio mwisho?"

"Nyie miaka mitatu. Mimi kumi na mmoja. Piga!"

Alirudi. Mlango wa chuma aliufungua mpaka mwisho, akauwekea tofali usijifunge, akapita karibu na ile karatasi yenye amri bila kuisoma. Alipanda kwenye mpira. Akashika uzi mweupe kwa mkono mmoja, safari hii mtupu, akainua kitambaa kwa mwingine. Kule mbele fimbo mbili zilipanda.

Akashusha vyote kwa pamoja.

*KWAA!* ilisema swichi, na ngoma ikapasuka juu yake, sauti moja, na ukumbi ukawa giza tupu.

Hakuna aliyeimba. Mama Swichi akahesabu moyoni, moja mpaka tano. Kwanza kilisikika kile kisahani cha shaba cha drams, kikilia chembamba, chembamba zaidi, mpaka usijue kama bado unakisikia au unakikumbuka. Halafu pumzi za watu mia tatu. Bangili ya mtu. Pipi ya afisa ikigonga meno.

Kumbe, aliwaza. Kumbe ndivyo nyimbo zote zilivyokuwa zinaisha.

Tano. Akapandisha. Taa zikawaka, na watu walikuwa na nyuso za walioamshwa usingizini bila kuogopeshwa. Hawakupiga makofi mara moja. Walipopiga, walikuwa tayari wanatembea kuelekea milangoni.

"Huo haukuwa mwisho wangu," kaka mkubwa alinung'unika, akikunja waya.

"Wala wangu," akasema mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukubaliana.

Bwana wa kampuni alisimama peke yake katikati ya ukumbi na karatasi yake iliyokunjwa. Aliikunjua.

"Mama, wimbo ulichukua dakika ngapi?"

"Mimi naangalia saa tatu na saa tatu na nusu. Katikati sijui."

Akaandika kitu chini kabisa, chini ya wimbo wa kumi na mbili, akaificha mfukoni kabla Mrefu hajaiona.

Afisa ndiye aliyetoka mwisho, kwa kuwa alitaka kuona ufunguo kwa macho yake. Mwokaji alikuwa ameshatangulia na ngoma ya mwisho begani, akageuka mlangoni.

"Haya, mama, umeonja. Chumvi je?"

"Imekaa," akasema Mama Swichi, akazungusha ufunguo. Afisa akatazama saa yake: saa tatu na dakika ishirini na nane. Akafunga daftari.

Tofali alisahau kulitoa pale mlangoni mwa chumba cha umeme. Alikumbuka akiwa kitandani, akafikiri ainuke. Kisha akaliacha. Jumamosi ijayo ingekuwa zamu ya kwaya, na hajawahi kujua kwaya inaishaje.