Kijiji Kisicho na Ng'ombe

Mgeni alitokea juu ya kilima saa ambayo wageni hawatokei, jua likiwa utosini na watu wenye akili wakiwa vivulini. Gati alikuwa bado shambani, akimalizia kupalilia kipande kidogo cha ulezi. Aliponyoosha mgongo akamwona: kijana mwembamba, suruali ya kaki, begi begani, daftari mkononi, baiskeli ameiacha chini ya mti. Kila baada ya hatua chache alisimama, akayatazama mazizi ya kijiji cha Nyabikondo, akaandika. Kisha akatoa utepe wa kupimia, akaunyoosha juu ya majani karibu kabisa na zizi la mzee Nyangwine.

Gati hakuhitaji kuambiwa. Aliacha jembe hapo hapo, akamwita jirani yake kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ya Wakurya inayosikika hadi ng'ambo ya bonde.

"Verdiana, mhesabu ng'ombe amefika."

Tangu enzi za wakoloni watu wa Nyabikondo walimjua mtu wa namna hiyo. Aliyehesabu ng'ombe wako leo, kesho alirudi na kamba. Walipohamia kijijini mwaka uliopita, kila nyumba kwenye mstari wake kama serikali ilivyotaka, walikuta mambo mengi mapya, lakini hilo hawakulisahau. Kabla mgeni hajakunja utepe wake, mazizi yote yalikuwa wazi na ng'ombe wamekwisha teremshwa korongoni, kimya kimya, hata ndama wakizuiwa kulia.

Mwenyekiti wa kijiji, Kisyeri, alimpokea mgeni kwa mikono miwili na uso usio na hatia.

"Naitwa Stanslaus, ndugu mwenyekiti. Natoka wilayani. Nadhani barua yangu ilitangulia."

"Itafika," alisema Kisyeri.

"Nimekuja kuchukua maoni ya wananchi. Lakini kwanza, kijiji kina ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe?" Kisyeri alitafakari kama mtu anayekumbuka jina la ndugu wa mbali. "Hapa hatuna ng'ombe."

Stanslaus alitazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimezama katika kinyesi kibichi, bado kinafuka.

"Na hiki?"

"Hicho ni cha zamani," alisema Machage, mume wa Gati, bila kucheka. "Huku kwetu hali ya hewa inahifadhi."

Kijana alifuta kiatu kwenye majani, akaandika. Gati, aliyekuwa amesogea na wanawake wenzake, alisoma kwa kuibia maneno mawili juu ya daftari: Mifugo, hakuna. Alifurahi kwamba bado anaweza kusoma mwandiko wa mkono. Furaha hiyo haikudumu.

Jioni ile mkutano ulipokaa mbele ya ofisi ya kijiji, Stanslaus alieleza kilichomleta. Wilaya ilitaka kujenga maktaba moja kubwa kwa vijiji vyote vya upande huu, na utepe ule ulikuwa wa kupimia kiwanja. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha ya vioo, rafu za mbao na meza ndefu za wasomaji. Serikali ingeleta vitabu, bati na fundi. Kijiji kingetoa matofali, nguvu za watu, na ng'ombe kumi wa kuuzwa ili kulipia saruji na mbao.

Gati alisogea mbele. Miaka mitatu nyuma alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, akafaulu mtihani wake, na tangu hapo alikuwa na njaa ambayo hakuna aliyeijua. Vijitabu viwili vya kisomo alikuwa amevisoma hadi akavijua kwa moyo. Siku moja Machage alileta sabuni iliyofungwa katika gazeti kuukuu. Gati alilisoma gazeti kabla ya kuigusa sabuni. Habari ilikatika katikati, na hadi leo hakujua kama yule mtu wa kwenye gazeti alipona.

Lakini watu walikwisha anza kutoa maoni.

"Vitabu vilale chini ya bati, na mimi nilale chini ya nyasi?" aliuliza mzee Nyangwine. "Basi nihamie mimi humo, vitabu vije kwangu."

"Tunataka josho," alisema mwingine. "Ng'ombe wetu wanakufa kwa kupe."

Kisyeri alikohoa kwa nguvu.

"Yaani," mtu yule alijirekebisha, "kama tungekuwa nao."

"Kitabu unakikamua wapi?" aliuliza Machage, na watu wakacheka mpaka vumbi likainuka.

Stanslaus alicheka pamoja nao. Akafungua begi, akazungusha vijitabu vichache vya mfano. Kimoja kilikuwa cha magonjwa ya ng'ombe, chenye picha ya kupe mkubwa kama kibuyu. Nyangwine alikishika kwa muda mrefu.

"Mura, kijana wangu, kupe wa ukubwa huu anaishi nchi gani?"

"Amekuzwa, mzee, ili aonekane vizuri. Nani atatusomea?"

Gati alisoma ukurasa mzima. Mwanzoni alifuata mistari kwa kidole, kisha akaacha. Alipomaliza, Stanslaus alimtazama kwa furaha ya mtu aliyekuta kisima mahali alipoambiwa hakuna maji. Halafu uso ukasawijika.

"Ndugu zangu," alisema, "nimesikia maoni yenu, na nimeiona hali yenu. Kijiji kisicho na ng'ombe hata mmoja siwezi kukibebesha mzigo huu. Nitaandika maktaba iende kijiji cha pili, kule nyuma ya kilima." Akamgeukia Gati. "Mama, wewe baki na kijitabu hiki. Angalau hicho."

Mkutano uliingia baridi. Wale wa nyuma ya kilima? Waliotushinda kwenye ngoma, wanaotucheka mnadani, leo wapate na vioo vya madirisha?

"Mimi sikukataa maktaba," alisema Machage polepole. "Nilikuwa nauliza tu kuhusu kukamua."

Ghafla hakupatikana mtu aliyewahi kuipinga. Lakini hakupatikana pia mtu wa kusimama mbele ya mgeni na kusema kwamba kijiji kizima kimemdanganya. Kila mmoja alimtazama Nyangwine, kwa kuwa kundi lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Akiwarudisha ng'ombe wake yeye, wote wangerudisha. Nyangwine alijifunga shuka lake, akaenda zake.

"Ni mimi niliyepiga kelele," Gati alimwambia mumewe nyumbani. "Mtu ameniletea vitabu, nikamwita mhesabu ng'ombe."

"Mama Rhobi, hata mimi ningekimbia. Yule kijana ana sura ya kodi."

Asubuhi, kabla mgeni hajafunga begi, Gati alisimama mlangoni kwa Nyangwine na kijitabu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuniomba ng'ombe."

"Nimekuja kukuomba uwatoe korongoni tu. Wataonekana."

"Wakionekana watachukuliwa. Na hivyo vitabu mimi sisomi. Macho yangu yamechoka na sijui hata a. Nitatoa ng'ombe ili wewe ukasome?"

Gati hakuwa na jibu la kisiasa kama yale ya redioni. Alisema lililokuwa kweli.

"Nitakusomea, baba. Hiki cha ng'ombe, chote, siku utakayotaka wewe, saa utakayotaka. Sitakwambia njoo kesho."

Mzee alimtazama, akakitazama kijitabu, akamtazama tena. "Siku nitakayotaka mimi," alirudia. Kisha akachukua fimbo yake.

Stanslaus alikuwa amekwisha panda baiskeli aliposikia kengele. Ng'ombe walipanda kutoka korongoni wakiongozwa na dume la Nyangwine, weusi, wekundu, wa mabaka, wakajaza barabara, wakamzunguka na baiskeli yake. Kijiji kizima kilisimama pembeni kikitazama vidole vya miguu.

"Ndugu mwenyekiti," alisema kijana, "hawa ni wa nani?"

"Walikuwa matembezini," alisema Kisyeri.

Stanslaus alicheka hadi akashika usukani asianguke. Akafungua daftari juu ya mgongo wa ng'ombe, akakata neno, akaandika jingine. "Nimeandika wapo," alisema. "Idadi sikuiandika."

Hapo ndipo maoni ya kweli yalipotoka, na kijana akayaandika yote: vioo viondolewe, viwekwe vibao, ng'ombe wawe sita, na josho liombwe katika barua hiyo hiyo. Wilaya ilikubali. Mwezi mzima walichoma matofali kwa risaga, kazi ya pamoja ambayo mwenye kuwaita watu huwapikia pombe ya ulezi, na kwa kuwa aliyeita ni kijiji chote, kila nyumba ilipika. Matofali mengine yalitoka yamepinda, hasa ya alasiri.

Siku ya jiwe la msingi walitarajiwa wageni wa wilaya na bwana mifugo, na Gati alichaguliwa kusoma risala. Aliisoma mbele ya mbuzi kwa wiki mbili. Mama yake, ambaye zamani hakuweza kumpeleka shule kwa sababu nafasi ilikuwa ya kaka yake, alitembea kutoka Sirari ili amsikie. Asubuhi ile Gati alikuwa akifunga kanga mpya, ngoma zimekwisha anza, Nyangwine alipofika uani bila kupiga hodi.

"Ng'ombe wangu amelala tangu alfajiri. Amevimba chini ya masikio. Nataka leo. Sasa."

Gati alitazama upande wa ngoma. Angeweza kusema, baba, nikitoka huko. Mzee hakumkumbusha kitu, alisimama tu na fimbo yake.

"Verdiana," Gati aliita. Akampa karatasi ya risala, kwa kuwa kisomo walisoma pamoja. "Palipo na jina la mkuu wa msafara, pumzika kidogo. Na mwambie mama..." Akachukua kijitabu. "Mwambie nimeitwa kusoma."

Zizini alichuchumaa kando ya ng'ombe na kanga yake mpya, akafungua kijitabu. Alisoma polepole. Nyangwine alipapasa chini ya masikio, akakuta uvimbe kama kitabu kilivyosema.

"Mwite bwana mifugo mapema," Gati alisoma, "kabla pumzi haijawa nzito."

"Yuko kwenye ngoma." Mzee alimtuma mjukuu wake mwenye mbio, kisha akarudi kuchuchumaa. Kutoka upande wa ngoma makofi yakalipuka, na vigelegele juu yake, virefu.

"Wanampigia Verdiana," alisema Nyangwine.

"Ndiyo, baba."

"Yalikuwa yako."

Gati alifuta vumbi kwenye ukurasa kwa ncha ya kanga. "Tumebakiza kurasa tisa," alisema. "Mwinue kichwa, hapa wanasema awekwe kivulini."