Meneja wa Vijigari Mia Mbili

Meneja mpya hakuwa amemaliza hata wiki mbili ghalani, lakini kichwa kilishamvimba. Alisimama mlangoni akitazama vijigari mia mbili vikijiendesha vyenyewe katikati ya rafu, kila kimoja na boksi lake mgongoni, bila kugongana.

"Msimamizi wao nani?"

"Hawana," alijibu mama aliyeviandikia programu. Ghala zima lilimwita Shangazi, kwa jinsi alivyovigombeza vijigari vyake kama watoto wa kaka yake. "Kila kimoja kinamwangalia jirani. Jirani akikwama, kinamsaidia. Basi."

"Hakuna kazi isiyo na mkubwa, Shangazi. Kesho wanakuja wageni wa makao makuu. Nataka vinifuate mimi. La sivyo programu yako naifuta, tununue nyingine."

Miaka mitatu ya kazi yake! Shangazi alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Alifungua kinywa amjibu. Kisha wazo likamjia, akauma mdomo asicheke.

"Vikufuate wewe tu, bosi?"

"Mimi tu."

Mchana ule ule aliisajili beji ya meneja kwenye mtandao wa vijigari, akaandika sheria moja juu ya zote: mwenye beji hii ndiye mkubwa, mfuate. Hakuongeza neno, hakupunguza.

Asubuhi wageni watatu waliingia. Meneja akatangulia, kifua mbele, na vijigari vyote vikaacha kazi vikajipanga nyuma yake. Akigeuka, vinageuka. Akisimama, vinasimama. Wageni wakapiga makofi. Raha iliyoje!

"Na mizigo inabebwa saa ngapi?" akauliza mgeni mmoja, mama mwenye miwani.

Meneja akaenda rafu ya tatu kuonyesha. Vyote mia mbili vikaenda rafu ya tatu. Akakimbilia ya tisa, vikamfuata mbio, kimoja kikamkanyaga kidole. Nje malori yaliyosubiri mizigo yalishaanza kupiga honi.

"Shangazi, viambie!"

"Mimi tena? Mkubwa wao si wewe?"

Jasho likamtiririka meneja. Akachomoka, akajifungia chooni. Vijigari vikajazana mlangoni, vikatulia kwa adabu zote. Mama mwenye miwani alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Shangazi akapenya katikati ya vijigari, akachuchumaa mlangoni. "Bosi, wageni wanauliza unatoka saa ngapi."

"Viondoe!"

"Kwa programu ipi? Si unaifuta?"

Beji ikatelezeshwa chini ya mlango. Shangazi akaiokota, na vijigari vyote vikamgeukia yeye.

"Haifutwi," ikasema sauti ndogo ndani. "Rudisha kama ilivyokuwa."

"Sema kwa nguvu, bosi. Wageni hawajasikia."

"Haifutwi!"

Shangazi akamgeukia mama mwenye miwani, aliyekuwa ameshatoa kalamu kuiandika ahadi hiyo.

"Weka na tarehe, dada yangu," akamwambia.