Tawi Lililokamata

Haidranjia ya mama mkwe, kichaka chake cha maua, iliinamisha vichala vyake vya buluu kama mfiwa. Mizizi ilikuwa imeoza, na mwenyewe, aliyeilea tangu alipoolewa, alikwisha kumwita mtu wa kuing'oa.

"Naomba matawi machache, mama," akasema mke wa mwanawe, fundi cherehani.

"Wewe? Wewe uliyeua hata mnanaa!" Mama mkwe akacheka. "Haya, chukua. Maiti haulizwi sanda."

Kicheko kile kilimchoma fundi kuliko sindano. Tangu aingie katika ukoo ule aliitwa Mkono Mkavu, kwa kuwa kila alichopanda kilikauka, naye alilicheka jina hilo pamoja na wenziwe, huku moyoni akilimeza kama shubiri.

Alichagua matawi yasiyo na maua, akayakata chini kidogo ya kifundo cha jani, akapunguza majani nusu kwa nusu, akayachomeka katika mchanga wenye unyevu. Akayafunika kwa mfuko mwangavu na kuyaweka nyuma ya cherehani, palipo na mwanga lakini jua halifiki. Moja baada ya jingine, yakaoza.

"Si utupe tu?" mumewe akamwuliza.

"Uzi ukinikatikia, huwa natupa nguo?"

Likabaki moja. Asubuhi moja, mteja akipimwa kiuno, fundi alinyoosha mkono akalivuta kidogo. Likagoma. Akalivuta tena, asiamini. Likaung'ang'ania mchanga kama mtoto ang'ang'aniavyo gauni la mamaye.

"Limekamata!" akapiga ukelele.

"Nini?" Mteja akakitazama kiuno chake kwa hofu.

Alilipanda mlangoni kwake. Msimu uliofuata likachanua, vichala vinene vya rangi ya waridi, wala si vya buluu. Mama mkwe alipokuja alikizunguka kichaka, akainama kwa taabu, akayapapasa majani.

"Hii si yangu."

"Tawi ni lako, mama. Udongo ndio wangu, nao ndio hugeuza rangi."

Jirani akapita, akasimama kustaajabia, akauliza nani kapanda. Fundi alifungua kinywa. Mama mkwe akamtangulia.

"Mwanangu huyu. Mimi yangu ilinishinda."

Jirani akaenda zake. Kisha mama mkwe akasema, macho yake chini, "Nikatie tawi na mimi."

"Ngoja maua yaishe kwanza, mama. Lenye ua halikamati upesi."

Hakuwahi kufundishwa na mtu habari za maua, mama yule, aliyezoea kufundisha wengine. Akavuta kigoda, akaketi kando ya kichaka.

"Basi nitangoja."

Fundi akarudi kwenye cherehani, shingo wima, akauacha mlango wazi.