Suruali ya Gusnimar

Mjinga wa siku ile alikuwa Sutan Palindih. Tuliseme hilo mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Mwenyewe alikuja kulikubali, ingawa alilikubali akiwa ameshalowa mara mbili, na mtu aliyelowa hukubali mambo mengi.

Ubishi ulianzia kwenye kibanda cha kahawa cha Saribanun, kando ya barabara inayopanda kutoka Payakumbuh, ambako wanaume huja asubuhi kunywa, kubamiza dhumna mezani na kumtafuna mmoja wao mpaka jua liwe kali. Msimu ule aliyekuwa akitafunwa ni Sutan, na kosa lake lilikuwa moja tu: mkewe alikuwa anajifunza silat, sanaa ya kupigana ya kwao.

Si kwamba wanawake wa pale hawakuwahi kujifunza kupigana. Bibi zao walijifunza, na habari zao zilisimuliwa kwa fahari. Lakini bibi aliyekwisha kufa akimwangusha mwanaume, hiyo ni sifa ya ukoo. Mke wa rafiki yako, mwenye watoto na duka la vitambaa, akifanya hivyo, hicho ni kichekesho cha kushushia kahawa.

Tangu Gusnimar akubaliwe na mjomba wake, mwalimu wa silat, uwanjani, kijiji kilikuwa kimebadilika kidogo. Muuza pilipili alianza kumpimia vizuri. Jirani aliyezoea kuwaachia mbuzi wake mihogo ya watu alinunua kamba. Na kila Sutan alipoingia kibandani, Katik seremala alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Leo mzima," alisema Katik. "Saribanun, mpe kahawa. Naona jana walitoka sare."

"Sare gani? Nimesikia alilala sebuleni," mwingine alidakia.

"Nililala sebuleni kwa sababu ya joto," alisema Sutan.

"Joto la viganja," alisema Katik.

Sutan alicheka nao. Mwanaume aliyehamia kwenye nyumba ya mkewe, kama wanaume wote wa pale, hujifunza mapema kucheka anapochekwa. Lakini moyoni alikuwa anaiva taratibu, na mambo yalimwagika wiki ya harusi.

Mpwa wa Gusnimar alikuwa anaolewa Jumapili. Bwana harusi angeletwa na watu wake kwa ngoma, na langoni, kabla ya kukaribishwa kwa tambuu, mchezaji wa silat wa upande wao angekutana na wa upande wa nyumba, wapimane kwa heshima mbele ya macho ya kijiji kizima. Kwa miaka yote aliyeitokea nyumba ile alikuwa Mansurdin, kaka yake Gusnimar. Sasa Mansurdin ameanguka na pikipiki, goti limevimba kama papai. Nyumba ikakaa kikao, maana yake mama mkwe alisema na waliobaki wakaitikia. Atatoka Gusnimar.

Habari ilimtangulia Sutan kibandani.

"Kwa hiyo Jumapili mkeo anaingia uwanjani," alisema Katik, "na wewe unamshikia kandambili."

"Hatoki," alisema Sutan.

Katik aliweka dhumna yake chini.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Sutan, ndugu yangu. Kwenye nyumba ile hata paka hakuombi ruhusa."

"Nimesema hatoki. Silat yake ni ngoma tu, ni maua, na nitamwonyesha mwenyewe kabla ya Jumapili. Nikishindwa, nitakaa mbele yenu nyote ninywe kahawa nimevaa suruali yake."

Suruali yenyewe ilijulikana. Ni ile nyeusi ya mazoezi, pana, ambayo katikati huning'inia mpaka magotini, na mchezaji akitanua miguu na kuipiga kwa kiganja hulia kama ubao ulioanguka.

"Saribanun, umesikia?" aliuliza Katik.

"Nimesikia," alisema Saribanun. "Kiti nitakifuta mwenyewe."

Jumamosi asubuhi uwani palikuwa pamejaa. Wanawake walikoroga rendang, nyama ya nazi na viungo, kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea, Mansurdin alinyoosha goti lake kwenye mkeka akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, na Sutan alipewa mbuzi ya kukunia na rundo la nazi. Nyuma ya jiko kulikuwa na bwawa la samaki, na ukingoni mwake, juu ya mawe mapana, Gusnimar alikuwa anafanya mazoezi. Anatanua miguu, anashuka, anageuka, anapiga suruali. Pa.

Sutan aliacha nazi, akamsogelea na sauti ya asali.

"Mama Yulia, kesho jua litakuwa kali."

"Nitajifunga kilemba."

"Watu watasema."

"Waliacha lini?"

"Yule wa upande wa pili ni kijana. Ana mabega hivi."

"Miguu anayo?"

"Miguu anayo."

"Basi inatosha," alisema Gusnimar. Pa.

Asali ikamwishia Sutan. "Nikwambie ukweli. Hicho unachocheza ni maua. Mtu akikujia kwa kweli, kwa nyuma, bila ngoma, utafanya nini?"

Gusnimar alifikiri. "Sijui. Mpaka aje."

Kwenye masufuria palitokea vicheko vya puani. Mama mkwe hakugeuza hata kichwa. "Sutan," alisema, "nazi."

Sutan akarudi kwenye nazi, lakini akili yake ilibaki bwawani. Hesabu aliyopiga ilikuwa nyepesi. Hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Huyu ni mke wake, na anampenda kuliko anavyokubali kibandani. Angemkumbatia tu kwa nyuma, abane mikono, amshikilie mpaka masufuria yote yaone, kisha amwachie kwa upole. Mama mkwe angetafuta mtu mwingine wa kutoka kesho, na kibandani heshima ingerudi. Alivua kandambili. Akapita nyuma ya kamba ya nguo. Mansurdin alimwona, akafungua mdomo amwonye, halafu akakumbuka kwamba asubuhi nzima hakuna aliyemsikiliza, akaufunga.

Sutan alimkumbatia.

Kilichofuata anakikumbuka vipande vipande. Bega alilolishika halikuwepo tena. Kiganja chake kilipokewa kwa adabu, kama mwenyeji anavyompokea mgeni mzigo mlangoni. Halafu akaona mbingu, safi kabisa. Halafu samaki.

Kambare wa bwawa lile na wenzao wenye magamba hawakuwa na ubaguzi katika chakula, na hatutaeleza hapa huwa wanalishwa nini. Walimjia wote kwa pamoja, kwa mapenzi makubwa. Sutan aliibuka na jani la yungiyungi shingoni, akitema.

"Usiwahangaishe," mama mkwe alisema, akikoroga. "Ni wa wageni."

Gusnimar alimpa mkono, akamvuta mpaka kwenye mawe. "Ni wewe?" alimuuliza.

"Ulidhani nani?"

"Mtu aliyekuja kwa nyuma bila ngoma."

Nguo zake Sutan zilikuwa chumbani, na chumba kilikwisha kupambwa kwa maharusi, mapazia ya dhahabu mpaka darini. Aliyelowa maji ya bwawa asingekanyaga humo hata kwa kibali cha serikali. Kwenye kamba palikuwa na mashuka mabichi, na kitu kimoja kikavu. Mama mkwe akakianua, akamtupia.

"Vaa hiyo," alisema, "au usubiri wageni na taulo."

Ilikuwa suruali ya pili ya Gusnimar.

Na ndipo wakaingia watu wa kibandani, kila mmoja na benchi begani, kwa kuwa majirani huazimana mabenchi siku za harusi, na Saribanun nyuma yao na birika kubwa la kahawa ya wapishi. Katik alisimama ghafla hadi benchi la nyuma likamgonga. Aliweka benchi lake chini taratibu. Saribanun akalifuta kwa khanga yake, akamimina kikombe, akakiweka mkononi mwa Sutan.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Umepata baridi."

Uwani watu wote walikuwa wanauma midomo wasicheke.

Lakini Sutan hakuwa mtu wa kukosa maneno, hata akiwa ndani ya suruali ile. Alikunywa funda moja, akaanza kesi.

"Tusikilizane. Niliteleza. Yale mawe yana ukungu wa kijani, kila mtu anajua. Yeye hakunirusha, mimi nilikanyaga vibaya, yeye akatokea kuwa karibu."

"Uliruka juu yake," alisema Mansurdin kutoka mkekani. "Nimeona nyayo zako zikiangalia mbingu."

"Wewe ulikuwa umelala. Katik, wewe ni fundi, sema haki. Ubao ukiwa na maji, mguu unakaa?"

Katik alijikuna. Ufundi ulimbana. "Haukai."

"Na jiwe la bwawani?"

"Nalo halikai," alisema Katik, kwa huzuni.

"Mnaona. Kwa hiyo hakuna lililothibitishwa. Kahawa hii nainywa kwa sababu ya baridi, siyo kwa sababu ya ahadi. Na kesho, nyumba ikitoa mtu ambaye hajathibitika, bwana harusi akafika na watu wake, akateleza huyu wetu pale langoni, aibu ni ya nani? Ni yenu. Mimi nawalinda tu."

Hoja aliipanga vizuri, ubaya wake ndio huo. Shangazi mmoja alitikisa kichwa kukubali. Wawili wakaanza kunong'ona kuhusu binamu wa Bukittinggi ambaye angeweza kuitwa. Mama mkwe aliacha kukoroga, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu alfajiri, akamtazama bintiye.

Gusnimar aliingia jikoni, akatoka na karai la majivu, akayamwaga juu ya mawe ya bwawa, jiwe kwa jiwe, akayasugua kwa unyayo mpaka yakakauka na kukwaruza. Akatanua miguu, akashuka, akapiga suruali. Pa. Kisha akamtazama mumewe.

"Weka kikombe chini, baba Yulia," alisema. "Sasa hapatelezi. Njoo."