Stika Juu ya Chumvi

Karatasi ya kunidanganya mimi bado haijachapishwa. Nilipata B ya Kiingereza katika shule ambayo mwalimu wa Kiingereza alionekana mara mbili kwa muhula, na mara ya pili ilikuwa ya kuaga. Kijijini kwetu Kianda wananijua. Barua ya landilodi, fomu ya basari, maandishi ya sisimizi kwenye chupa ya dawa, vyote huletwa kwangu. Ndiyo maana mradi wa lishe ukanichukua, ukanipa fulana ya bluu na kitambulisho cha kuning'inia shingoni, nikawa mtu wa kuwaeleza kina mama chakula chao.

Alhamisi hiyo, kabla ya saa mbili, foleni ilikuwa imeshazunguka kanisa la mabati tunakogawia. Wa nne alikuwa Musimbi, jirani yangu wa ploti, ambaye hufulia watu nguo Kawangware. Mgongoni alikuwa amembeba Ishmael, miezi kumi na minne, mtoto ambaye kila akiniona hunyakua kitambulisho changu akakitafuna. Leo alikitazama tu.

"Sasa, Mama Ishmael? Leo umetuletea bonge," nikamtania, maana mashavu ya mtoto yalikuwa yamejaa.

"Si ni huo uji wako," akasema, meno yote nje. "Ako sawa. Ni vile tu anakunywa maji kama redieta inavuja."

Alikuwa na haraka. Mama anayemfulia kule Kawangware alikuwa amemwambia akichelewa Alhamisi nyingine, karai litapata mwenyewe mpya. Na unga ulikuwa umepanda tena dukani, kwa hiyo kwa wiki tatu uji wa mradi haukuwa nyongeza ya chakula cha Ishmael. Ulikuwa ndio chakula.

Huo uji wenyewe ulikuwa na historia. Zamani mradi ulitoa unga wa soya na samaki wa omena, wa kahawia, wenye harufu ya kufukuza paka. Halafu mwezi uliopita lori likamwaga katoni kutoka Amerika kwenye stoo yetu ya Kawangware, na Billy, mkubwa wetu pale, akatangaza kwamba wafadhili wameboresha. Ndani ya pakiti mlikuwa na vipande vidogo vya mkate wa mahindi, vikavu kama changarawe, na majani makavu na vitunguu humo humo. Mbele palikuwa na picha ya bata mzinga aliyechomwa. Kumbe wenzetu wakitaka kula bata mzinga humjaza tumbo mkate kwanza. Sumaya, msichana wa kijiji cha Kambi Muru niliyekuwa nakaa naye meza moja, akauliza kama huyo bata huwa hajala vya kutosha mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa stika. Stika ya kijani, mtoto anacheka, na maneno: UJI WA LISHE. PROTINI NYINGI. MIEZI SITA NA KUENDELEA. Billy alituonyesha mahali pa kubandika, ubavuni, juu ya jedwali la nambari za vilivyomo kwenye chakula, pasionekane pembe. Mimi ndiye nilikuwa redio ya stoo. Niliwasomea wenzangu maelekezo ya kumjaza bata kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, wakacheka mpaka Billy akatoka ofisini kuangalia nani amekufa. Mambo ya nambari, kusema ukweli, mtu anatoa wapi muda? Tulikuwa na katoni mia mbili kwa siku.

Sasa, Kianda hatuna bata mzinga. Kina mama walimimina zile changarawe kwenye maji, wakakoroga kwa mwiko, zikakataa kuwa uji. Musimbi ndiye aliyepata akili. Alizipeleka posho mill, akazisagisha. Mwenye mashine alilalamika kwamba unga wa wateja wake sasa unanuka kitunguu, lakini pakiti zikatoka unga laini, wa manjano, mzuri wa macho. Kijiji kizima kikamfuata. Aliponiambia una chumvichumvi na anaongeza sukari kuizima, nilimwambia hapo amefanya la maana, mtoto anahitaji nguvu.

Foleni ikasogea mpaka kwa nesi Kavoi, ambaye huja mara moja kwa mwezi na ule utepe wa kupima mkono. Kijani, mtoto yuko salama. Manjano, chunga. Mwezi uliopita Ishmael alikuwa kwenye manjano, amebakisha kidogo tu kugusa kijani, na Musimbi alikuwa na hakika leo anavuka. Kavoi alizungusha utepe, akauzungusha tena. Ulisimama kwenye nyekundu. Akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale.

"Huyu hajanona, mama," akasema. "Amevimba."

Akauliza anakula nini. Musimbi akatoa kopo la unga wake. Kavoi akalamba kidogo, akatema kwenye tishu, akaomba pakiti. Musimbi alikuwa nayo kwenye mkoba, haikuwa na kitu ndani. Alikuwa ameiweka aibandike ukutani nyumbani kwa sababu Ishmael aliipenda picha ya yule mtoto anayecheka.

Kavoi aliloweka stika kwa maji, akaikwangua kwa ukucha, akasoma polepole, akitafsiri. Kipimo kimoja, gramu ishirini na nane, kama ngumi moja. Protini gramu tatu. Sodiamu, ndiyo hiyo chumvi, miligramu mia tatu na sitini.

"Anakula ngumi ngapi kwa siku?"

"Tano," Musimbi akasema. "Daktari, si imeandikwa lishe?"

"Tano inakaribia chumvi ya mtu mzima ya siku nzima. Na figo zake ni za mtoto."

Akaandika barua ya kulazwa. Musimbi akaomba iwe kesho, kwa sababu leo ni siku ya kufua. Kavoi hakubishana. Kwenye barua, chini ya neno ‘leo’, alipiga mistari miwili.

Nikampigia Billy, nikaweka simu sauti ya juu ili kila mtu asikie. Billy akasema tarehe ya chakula haijapita, kina mama walipaswa kufuata maelekezo, na alitaka kujua ni nani ametoa stika, kwa maana stika ni mali ya mradi. Halafu akakata.

Hapo nikapanda benchi. Nilisema wametusaliti. Nilisema wametutumia, sisi watoto wa hapa hapa, kubandika uongo tusioujua kwenye chakula cha ndugu zetu. Nikavua kitambulisho, nikakitupa sakafuni. Wakapiga makofi. Nikashuka, na Musimbi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ile migumu ya sabuni.

"Afadhali wewe, Vincent. Najua ungejua ungeniambia."

"Ningejua, Mama Ishmael? Ningekuja mbio bila viatu."

Sumaya alikuwa mezani, akiweka tiki kwenye majina. Akalaza biro.

"Vincent," akasema, bila kupandisha sauti. "Na ile ya bata?"

"Gani?"

"Ile ulisema kwa hii chumvi yote, bata hata akizikwa haezi oza. Ulisoma mia tatu sitini, ukarudia ndio tusikie. Halafu ukaweka stika. Tulicheka wote. Hata mimi."

Nilitafuta utani. Huwa haunikosi.

Musimbi aliuachilia mkono wangu. Akamkaza Ishmael mgongoni, akaichukua ile pakiti mezani, imelowa, stika inaning'inia kwa pembe moja, akanipa.

"Nisomee," akasema. "Vile uliwasomea, na hiyo sauti ya redio. Na mimi nicheke."