Kiwambo Kisiguswe

Chuoni walimwita Kisu, na mwanzoni alilipenda jina hilo. Alikuwa binti, mtoto pekee wa mwenye bucha, na tangu akiwa mdogo alimsaidia baba yake kupasua mbuzi uani, nyuma ya duka. Wenzake wa mwaka wa kwanza wa utabibu wa mifugo walipokuwa wakiziba pua na kutafuta mlango uko wapi, yeye alikuwa ameshakunja mikono ya koti. Kwa hiyo siku alipofeli mtihani wa kupasua sungura, darasa zima lilibaki mdomo wazi.

Hakufeli kwa kutojua. Alifeli kwa kuijua mno kazi nyingine. Aliweka kisu chini ya tumbo, akapandisha mpaka kooni kwa mkato mmoja, akazungusha ncha, akavuta. Ini, moyo na mapafu vikatoka kwa pamoja, safi kabisa, tayari kwa mizani. Mwalimu wa anatomia, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akautazama mzoga uliobaki mtupu.

"Nilitaka unioneshe anavyopumua," alisema. "Wewe umemchinja mara ya pili."

Akapewa nafasi moja tu ya kurudia. Akishindwa tena, afungashe virago arudi bucha.

"Na bucha ipo," baba yake alimwambia aliposikia, wala hakuificha furaha yake. "Mwanangu, mkono kama wako hauokotwi njiani. Waachie sungura wao."

Binti alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Alimpenda sana baba yake, lakini hakutaka kumaliza maisha akifungua wanyama waliokwisha kufa. Alitaka kuwafungua walio hai, awatengeneze, awashone, kisha waondoke kwa miguu yao wenyewe. Akajifunga kibwebwe.

Tabu ilikuwa mkono. Kati ya tumbo na kifua cha mnyama kuna kiwambo, msuli mwembamba uliojipinda kama bakuli lililofunikwa. Juu yake kuna moyo na mapafu. Chini yake ini, tumbo, utumbo na jamaa zao wote. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Kikipanda, hewa hutoka. Mapafu yenyewe hayana ubavu wa kujivuta, yanafuata tu. Ukikitoboa kiwambo, hata kwa ncha, hewa inaingia pasipo pake na mapafu yanasinyaa papo hapo. Hayo yote angeweza kuyasema hata akiwa usingizini. Lakini mkono ukifika chini ya mbavu ulipita moja kwa moja, maana bucha hakuna anayekiheshimu kiwambo. Kinakatwa ili kazi isonge.

Akawa kila asubuhi anamwomba baba yake mbuzi wa kwanza. Alipasua tumbo polepole huku akijisemea, "Hapa simama, hapa simama." Mkono ukapita. Kesho yake ukapita tena. Wateja wakaanza kugonga meza.

"Huyo mbuzi unampasua au unambembeleza?" baba yake aliuliza.

"Baba, nipe muda kidogo tu."

"Kidogo chako kinanifukuzia watu!"

Hata hivyo hakumnyang'anya kisu. Alikwenda mbele akawapigia wateja porojo, akawachekesha, akawaweka pale mpaka binti alipomaliza.

Siku ya mtihani ilipofika, sungura alilazwa chali mezani. Binti alichana ngozi, kisha ukuta wa tumbo, ncha ya kisu ikiwa imeelekea juu isiguse kitu. Alipofika kwenye mbavu akausikia mkono ukitaka kukimbia. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Akakilaza kisu kwenye sinia, akaendelea kwa vidole.

Alilisogeza ini kando, na kiwambo kikaonekana, kizima, chembamba kiasi kwamba wekundu hafifu wa mapafu ulipenya kwa nyuma. Mwalimu akainama. Binti akakivuta kiwambo chini taratibu, na mapafu yakafuata. Akakiachia, yakarudi.

"Anapumua hivi," alisema. "Hakuna anayempulizia."

"Na kikitoboka?"

Akachukua kisu, akagusa kwa ncha. Mapafu yakasinyaa, yakajitenga na kiwambo, na safari hii alipokivuta hayakufuata.

"Umepita," mwalimu alisema. "Safisha meza."

Alilia kwa furaha pale pale kwenye sinki, maji yakimwagika bure.

Jumamosi alikwenda bucha kumsaidia baba yake, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika barabarani. Alimpasua mbuzi tumbo kwa kasi yake ya zamani. Chini ya mbavu, mkono ukasimama. Hakuuambia usimame. Akaulazimisha, ukagoma.

"Vipi, kisu butu?" baba yake aliuliza.

"Kisu kizima, baba. Ni mimi."

Baba akasogea, akautazama ule mkono kwa muda. Mbele mteja mmoja alikuwa akilalamika kwamba ana wageni nyumbani. Baba akafungua vidole vya binti yake kimoja kimoja, akachukua kisu, akamaliza kazi mwenyewe kwa mkato mmoja. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakusingizia vumbi.

"Vua hiyo aproni, mama," alimwambia. "Nitatafuta mtu wa kuajiri."