Mama Metwalli

Daktari Nirmin alipomwona mgonjwa akiingizwa chumbani, alirudi hatua moja nyuma. Mgonjwa alikuwa na uso uleule wa Metwalli, mkulima wa mpunga aliyetapika damu hadi akamfia mikononi, mwaka jana, juu ya kitanda hichohicho.

"Usinitazame kama mzuka, daktari," alisema mgonjwa, midomo imemkauka. "Mimi Ragab, mdogo wake. Tumeogelea mfereji mmoja, kichocho hakikutubagua."

Nirmin akampa dawa ya usingizi, akampitisha kooni mpira wenye kamera. Kwenye skrini mishipa ya damu ya koo ilikuwa imevimba kwa kichocho, na mmoja ulikuwa ukirusha damu. Akaufyonza kwa ncha ya mpira, akaufyatulia kipete cha raba cha kuubana. Kikateleza, kama kile cha Metwalli. Picha ikawa nyekundu tupu, na ndani ya wekundu ule Nirmin akahisi marehemu anamwangalia. Akasafisha kwa maji, akafyatua tena. Kikashika. Damu ikakatika.

Nje, muuguzi alimwita mama yao kwa furaha. "Mama Ragab! Hongera!"

Bibi aliyevaa nguo nyeusi hakuinuka. "Mimi Mama Metwalli. Msinizikie mwanangu wa kwanza mara ya pili."

Nirmin akatoka, akapiga magoti mbele yake. Mwaka mzima hakuthubutu kulitamka jina hilo.

"Mama Metwalli," alisema, "Ragab yu hai."

Bibi akamshika uso kwa viganja viwili. "Sasa keti, binti yangu, unieleze kaka yake alivyotutoka."